Wifi Yangu, Mfungaji wa Miavuli

Zawadi ya kwanza niliyopewa na wifi yangu siku niliyoolewa ilikuwa upekuzi. Haki ya Mungu. Nimefika na sanduku langu, shoga zangu wamenisindikiza kwa shangwe, na yeye kasimama mlangoni kifua mbele. "Lete hilo sanduku," akasema. Nikadhani ananipokea mzigo, kumbe, masikini mimi, sijui nimeingia wapi! Aliliweka juu ya meza ya sebuleni, akalifungua, akatoa nguo moja moja mpaka zile ambazo bibi harusi hapendi zionwe na mashemeji. Kila moja akaikung'uta, akaikunja upya, akairudisha. Alipomaliza, sanduku lililonishinda kufunga likafungika lenyewe na nafasi ikabaki. "Sasa karibu nyumbani," akasema, wala hakutabasamu.

Usiku ule nilimlilia mume wangu. Akanijibu, "Dada ndivyo alivyo. Utamzoea." Nimzoee! Nilikaa naye nyumba moja mpaka mtoto wangu akaota ndevu, na sikumzoea.

Mtaani walimwita Afande. Alikuwa amestaafu jeshi na cheo cha sajenti, kisha akapata kazi kwenye karakana ya kushona maturubai ya malori, kule nyuma ya kituo cha mafuta. Asubuhi anatoka na mkasi wake kwenye mfuko wa koti, jioni anarudi nao, kwa sababu mkasi wa karakana hauamini. Hakuna alichokiamini. Fundi bomba akija, yeye anasimama nyuma yake tangu nati ya kwanza mpaka ya mwisho, hadi yule fundi akaanza kumtuma mwanafunzi wake badala ya kuja mwenyewe. Ukimpa chai, atakuuliza maswali mawili matatu mpaka wewe mwenyewe umeshapiga funda, ndipo naye anyanyue kikombe. Alichagua chumba cha mwisho uani, kile kidogo chenye joto, kwa sababu dirisha lake linaliona geti. Na ukiweka kitu kimefungwa mahali popote, kiwe kifurushi, kibahasha au kapu la sokoni, hesabu kitafunguliwa.

Watu nao walimlipa kwa kipimo kilekile. Wengine walisema ameua, wengine kwamba mpaka leo anapeleka habari zetu kwa wakubwa, wengine kwamba hakuolewa kwa sababu kila mchumba alipigishwa kwata uani na wote wakaanguka mtihani. Huo uvumi wa mwisho niliuanzisha mimi, na sijutii, maana ulitupa kicheko miaka mingi.

Lakini tuseme la haki. Wazazi wao walifariki wakati mume wangu bado anashika pindo la gauni la dada yake akienda dukani. Yeye ndiye kifungua mimba, msichana aliyejua kushona na basi. Jeshi lilipotangaza linachukua wasichana, akaenda. Wenzake waliomba ukarani na uuguzi, yeye wakubwa walipomwona anavyopitisha uzi kwenye sindano wakampeleka banda la miavuli.

Miavuli yenyewe si hii ya mvua. Ni ile askari anayoruka nayo kutoka kwenye ndege. Mtu anaruka nayo mara moja, kisha inarudi bandani matope matupu, inakaguliwa, inakunjwa upya kwenye meza ndefu, pindo juu ya pindo, na kamba zake zinalazwa ili zisishikane. Na banda lile lilikuwa na sheria moja ambayo wifi yangu aliisema kama wengine wanavyosema sala: ukifunga, uwe tayari kuruka nao. Siku yoyote mkuu wao aliweza kuingia, akanyooshea kidole mwavuli wowote rafuni na kusema, "Nani kafunga huu? Vaa, twende." Naye alivaa, mara nyingi tu, na siku zote akafika chini mzima.

"Ndiyo maana siamini fundo nisilolifunga mimi," aliniambia siku nilipomkuta anafungua mzigo wa zawadi niliotumiwa na mama yangu mzazi.

"Hilo si fundo, wifi. Hizo ni nguo za mtoto."

"Basi hazina cha kuficha," akasema, akaendelea.

Kwa kazi hiyo alimlea mdogo wake, akamsomesha mpaka akawa mpima ardhi, akajenga nyumba tunayolala. Kwa hiyo dada akikohoa, mume wangu anasimama. Mimi mdomo wangu mnaujua, naweza kumpa mtu vidonge vyake akavimeza bila maji, lakini kwenye jambo kubwa la nyumba ile neno la mwisho lilikuwa la mtu mmoja.

Sasa mwanangu, mtoto wangu wa pekee, fundi wa mashine za hospitali, siku moja akaniambia kwa aibu kwamba kuna muuguzi amempenda na anataka kumleta. Furaha niliyokuwa nayo! Nilipiga deki mpaka chini ya kabati. Akaja msichana mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo, na nilimpenda kabla hajakaa. Hata wifi yangu alionekana kulegea. Alimuuliza maswali yake ya gwaride, unalala wapi, unaamka saa ngapi, rafiki zako ni akina nani, na binti akajibu yote bila kubabaika.

"Na mama yako anafanya kazi gani?"

"Ni dobi, shangazi. Wa hospitali hiyohiyo. Anafua na kukunja mashuka. Zamani alikuwa mwanajeshi kama wewe, ila hapendi kuyasema."

Wifi yangu aliweka kijiko chini. "Mrefu kama wewe?"

"Ananipita. Anasema kambini walikuwa wanamwita Twiga."

Mimi nilicheka, mwanangu akacheka. Wifi yangu akasimama, akaacha sahani nusu, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Yule binti akanitazama mimi, akamtazama mwenzake, macho yakamjaa maji. Nikajitia hamnazo, nikasema tumbo linamsumbua shangazi, jamani uzee huu.

Jioni mgeni alipoondoka, Afande akatoka. Akasimama katikati ya sebule na kusema, "Hapana. Binti wa Twiga haingii nyumba hii."

"Kwa nini, dada?" mume wangu akauliza.

"Nimesema hapana."

"Shangazi, nieleze basi," mwanangu akasema. "Nimekosa nini? Yeye kakosa nini?"

"Wewe hujakosa. Na umewahi kujiuliza kwa nini amekupenda wewe katika hospitali nzima? Nani alimtuma?" Akarudi chumbani.

Nani alimtuma! Mtoto wa watu anapima watu joto, anatumwa na nani? Nilikasirika. Mwanangu hakulala, na asubuhi alikwenda kazini na macho mekundu. Na mume wangu, baba mtu, akaniambia maneno yaleyale niliyoyazoea, "Dada akisema hapana, mimi mdomo wangu umefungwa."

Lakini shaka ni ugonjwa wa kuambukiza, na mimi nilikuwa nimekaa na mgonjwa miaka mingi. Nikaanza kujiuliza. Mtu hakatai tu. Kuna siri, na siri inayomfanya shangazi akatae ndoa bila kusema sababu ni ya namna gani? Usiku wa pili likaniingia wazo, nikakaa kitandani wima. Ukiona ndoa inakataliwa na sababu haitajwi, basi ni damu. Hao watoto ni ndugu! Huyu mpima ardhi wangu, enzi za ujana wake alikuwa anaenda kambini kumtembelea dada yake kila likizo. Na huko kambini kulikuwa na Twiga.

Nikamwamsha. "Unamjua Twiga?"

"Twiga gani? Wa mbugani?"

"Usinichezee shere! Twiga rafiki wa dada yako."

Akafikiri. "Aa, yule dada mrefu. Alikuwa ananipa peremende. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, mke wangu. Zima taa."

Taa nikazima, shaka sikuizima. Kesho yake nikajifanya naumwa kichwa, nikaenda hospitali, nikapita nyuma mpaka kwenye chumba cha kufulia. Mvuke umejaa, mashine zinanguruma, na pale kwenye meza ya kukunjia amesimama mwanamke mrefu, mwembamba, nywele zimeanza kuwa nyeupe, anakunja mashuka. Nilisimama mlangoni nikitafuta kwenye uso wake chochote cha kumshuku. Nilimpima pua, nikampima masikio, nikapiga na hesabu ya umri wa binti yake, na mwisho hata mimi nikaona aibu, maana wakati binti huyo anazaliwa mwanangu alikuwa anatambaa na mume wangu alikuwa hatoki nje bila ruhusa yangu. Kilichonishangaza ni namna alivyokunja. Alilaza shuka, akapitisha kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, akakung'uta, akakunja. Ndivyo hasa wifi yangu anavyokunja.

"Unatafuta mgonjwa, mama?" akaniuliza.

"Nimepotea njia," nikajibu, nikaondoka upesi.

Nikarudi moja kwa moja hadi karakana ya maturubai. Wifi yangu alikuwa amepiga magoti juu ya turubai la kijani, anakata. Nikasimama juu ya turubai lake, na viatu vyangu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya akabaki salama.

"Leo utaniambia," nikasema. "Mtoto ni wangu, nimemzaa mimi. Siwezi kumwambia 'hapana' halafu nishindwe kumwambia kwa nini. Huyo mwanamke alikufanya nini?"

Nadhani aliona safari hii siondoki. Akaweka mkasi kwenye mfuko wa koti, akanivuta mpaka kwenye ngazi za nyuma, akatazama kama kuna mtu anasikiliza, kisha akanieleza.

Mwavuli mmoja, alisema, hufungwa na watu wawili, mmoja kichwani mwa meza na mwingine miguuni. Yeye na Twiga walikuwa meza moja tangu wakiwa makuruta. Walikula sahani moja, wakalala vitanda vya kupandana. Kitambaa cha mwavuli ni laini, kinateleza, kwa hiyo wanapokunja wanakikandamiza kwa vifuko vya mchanga ili pindo zisifumuke. Kila mfungaji ana vifuko vyake, amevipanga safu upande wake wa meza. Ukimaliza kukunja unavitoa na unavihesabu, kimoja kimoja, kabla mfuko wa mwavuli haujafungwa. Asubuhi moja walikuwa na haraka, ndege inasubiri. Mchana akaruka kijana, kuruta mpya, na mwavuli wake haukufunguka. Ule wa akiba aliuvuta, ila alikuwa amechelewa. Wifi yangu alikuwa uwanjani na lori la kukusanyia miavuli. Alimwona akija chini.

"Ndani ya pindo walikuta kifuko cha mchanga," alisema. "Jina langu na la Twiga yote yalikuwa kwenye mwavuli ule. Wakaja wakaguzi, wakahesabu mezani. Vyangu vilitimia. Vya Twiga vilipungua kimoja."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Walimuuliza, akanyamaza. Wakamfukuza." Akafuta mikono kwenye koti. "Yule mtu aliua, wifi, akaondoka hata bila kuomba msamaha. Sasa damu yake iingie nyumbani kwangu, ipike, mimi nile? Nimeishi maisha yangu yote nikifungua kila kitu kwa sababu ya yule mwanamke. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilimwonea huruma. Nilimchukia yule Twiga na mashuka yake. Lakini mwanangu je?

Nilimweleza mwanangu yote. Akasikiliza, akasema, "Mama, hata kama ni kweli, yeye siye aliyefunga huo mwavuli. Alikuwa hajazaliwa."

"Basi muoe tu."

"Nimemwambia hivyo. Kakataa. Anasema haingii nyumba ambayo atakuwa anapekuliwa kila siku. Ameomba uhamisho, mama. Mwezi ujao hayupo."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Mwanangu, mtoto mmoja niliyepewa, ananyong'onyea mbele ya macho yangu kwa ajili ya kifuko cha mchanga! Sikumuuliza mume, sikumuuliza wifi. Nilivaa, nikaenda tena chumba cha kufulia, na safari hii sikupotea njia.

"Mimi ni mama wa yule kijana," nikamwambia Twiga. "Wifi yangu ni mwenzako wa banda la miavuli. Anakataa kwa sababu yako, na unajua kwa nini. Kama unampenda mwanao, njoo uyamalize."

Alikuwa ameshika ncha za shuka. Akamaliza kulikunja kwanza. "Yeye amesema nije?"

"Nimesema mimi."

"Basi atanifukuza," akasema. "Lakini nitakuja."

Jumapili mchana akaja, na gauni lililopigwa pasi na mkoba wa begani. Mume wangu, mwanangu na mimi tulikuwa sebuleni. Wifi yangu alimwona kupitia dirisha lake tangu yuko getini. Akatoka, akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, akasema bila salamu, "Nani kamwita huyu?"

"Mimi," nikasema. "Kama utanipiga, nipige baadaye."

Twiga akakaa mahali nilipomwonyesha. Nilikuwa nawaangalia wote wawili kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Wifi yangu hakumtazama usoni, alikuwa anautazama mkoba wake. Nikajua anatamani kuufungua.

"Umefuata nini?" akamuuliza.

"Mwanangu. Umenichukia mimi, sawa. Yeye mwache aolewe."

"Nitamwacha. Kwa sharti moja." Wifi yangu akainama mbele. "Sema hapa, mbele ya mdogo wangu na mke wake na mtoto wao. Sema ulichokifanya. Ulikaa kimya wakati wakaguzi wanakuuliza, ukakaa kimya miaka yote hii. Sema leo, na mimi nitasema ndiyo."

Twiga alimtazama mwanangu, tena kwa muda mrefu, kama anayempima. Kisha akasema, "Haya. Ni mimi. Nilisahau kifuko ndani. Kijana wa watu akafa kwa sababu yangu. Naomba mnisamehe."

Jamani! Nusura nipige vigelegele. Mwanangu alishusha pumzi, baba yake akafumba macho. Nikainuka niende kuleta soda, mambo yamekwisha. Lakini nilipomtazama wifi yangu nikasimama palepale. Hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda. Alikuwa na ile sura anayokuwa nayo mtu akimletea kitu kilichofungwa vizuri mno.

"Ulikisahau wapi?" akauliza.

"Si nimesema? Ndani ya pindo."

"Pindo za upande gani?"

Twiga akasita. "Kulia."

"Hakikukutwa kulia."

"Basi kushoto. Ni zamani, mwenzangu. Nimekiri, yatosha."

"Ulikitoa wapi kwenye safu yako? Mwanzo au mwisho?"

"Wifi!" nikapayuka. "Umetaka akiri, amekiri! Sasa unataka nini tena, akukatie na mkono?"

"Anadanganya," wifi yangu akasema. "Mdogo wangu, huyu mtu anadanganya. Anabahatisha. Mfungaji haibahatishi safu yake."

Mume wangu akasema taratibu, "Dada, adanganye kwa faida gani? Kuna mtu anajisingizia kuua?"

Wifi yangu alikuwa amekunja mikono mapajani. Akamtazama Twiga usoni kwa mara ya kwanza.

"Ulikisukuma," akasema. "Ulisukuma kimoja upande wangu."

Twiga akainamisha kichwa. Nikaona analia, machozi yanamdondokea kwenye mkoba. "Redio ya kambi ilipoleta habari, nilikuwa bandani peke yangu," akasema. "Nikatazama meza. Safu yako ilikuwa na pengo. Nilijua wanakuja kukagua. Wewe ulikuwa na mdogo wako shuleni, ukifukuzwa naye anarudi mtaani. Mimi nilikuwa sina hata kuku. Nikakisukuma kimoja. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe." Akajifuta kwa kiganja. "Basi. Sikutaka ujue. Sikuja hapa kukwambia. Nimekuja kumwombea mwanangu."

Mume wangu alisimama, akaenda kushika dirisha, akatupa mgongo. Mtu mzima, mpima ardhi, mabega yanamcheza. Mimi nilimwendea Twiga, nikapiga magoti, nikamshika miguu. Sijawahi kumpigia mtu magoti. Nikasema, dada yangu, Mungu akulipe, sisi tulikuwa hatujui, hakuna aliyejua.

"Mimi nilijua," wifi yangu akasema.

Tukageuka sote.

"Niliporudi na lori, nilikwenda mezani kwangu kabla wakaguzi hawajaingia. Mimi vifuko vyangu vyote nalaza mshono ukinitazama. Vyote. Kimoja kilikuwa kimenipa mgongo." Alisema polepole, kila neno analiweka chini kama zito. "Nilikiona. Nikajua mara moja siyo changu. Nikajua changu kiko wapi."

"Ukafanya nini?" Twiga akauliza.

"Nikakigeuza."

"Nikakigeuza kikafanana na vingine. Wakaingia, wakahesabu, nikasimama wima. Ulivyonyamaza nikakushukuru moyoni siku ya kwanza. Siku ya pili nikaanza kujiambia labda sikuona sawasawa. Baadaye nikasema wewe ndiye. Nikalisema mpaka likawa kweli. Ukikaa na jambo kama hilo huwezi kumwamini mtu, Twiga. Maana unajua mtu anaweza kuwa nini."

Twiga alikuwa ameacha kulia. Aliniondoa mikono yangu miguuni kwake kwa upole, akasimama. Alikuwa mrefu kweli, sebule yetu ikawa ndogo.

"Siku naondoka kambini," akasema, "mama wa yule kijana alikuwa ananingoja getini. Alinitemea mate usoni. Watu wanatazama. Nilijifuta, nikajisemea, si kitu, mwenzangu hajui. Angejua asingekubali. Hata nikifua mashuka ya wagonjwa, nikisikia uchungu, najiambia hivyohivyo. Hajui, angejua angesema. Hilo tu ndilo lililokuwa linanipa usingizi. Sasa umelichukua."

Ndipo nikamkumbuka mwanangu. Kumbe muda wote tumekaa tukimngoja Afande aseme ndiyo, na aliyekuwa na haki ya kukataa ni huyu aliyesimama! Nani angempa mwanawe nyumba kama hii? Nilimtazama nikiwa nashindwa hata kuomba. Mwanangu alikuwa ameinamia magoti yake, amekata tamaa kabisa.

Twiga akamwendea, akamwekea mkono begani. "Wewe, baba, hujafunga mwavuli wowote. Kesho jioni njoo kwangu na baba yako na mama yako. Nitamwambia mwenzio aache huo uhamisho." Akaning'iniza mkoba begani, akanipa mkono, akampa mume wangu. Wifi yangu naye alinyoosha wake. Twiga alimpita, akatoka, na geti likajifunga.

Kesho yake jioni tulikuwa tunajiandaa. Wifi yangu alikuwa amesimama kwenye korido amevaa gauni lake jipya, mkasi hana, koti hana. Hakuna aliyemwambia twende na hakuna aliyemwambia baki. Mume wangu alipita mbele yake akijifanya anatafuta funguo. Ikabidi iwe mimi, siku zote mimi.

"Wifi, leo wewe baki."

"Najua," akasema. "Sikuvaa kwa ajili ya huko." Akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Yule mama wa yule kijana. Kama bado yu hai, Twiga atakuwa anajua anakoishi. Niulizie. Nataka niende nikasimame mbele yake."

"Ukamwambie nini, wifi, baada ya miaka yote hii?"

"Yale mate yalikuwa yangu," akasema. "Nimwambie alikosea mtu."